Habari Kutoka Kapsokwony

Asubuhi ya siku ya tatu huko Shimoni, pwani, Dinah aliamka na furaha ya mtu aliyekubaliwa. Furaha hiyo ilidumu mpaka saa moja na nusu, babake alipopiga simu.

Simu za Shimoni mwaka ule wa 2004 zilikuwa na maringo. Ndani ya nyumba ya wageni hazikushika kabisa. Ukitaka kuongea na watu wa bara, ulitoka mpaka gatini, ukasimama karibu na ngazi za kushukia majini, na hata hapo ulihitaji bahati. Dinah alikuwa amekwenda kuwanunulia wenzake wa safari mahamri, na alipokaribia gati simu ikalia mfukoni mwake.

"Dinah, umeamka vizuri?"

"Nimeamka vizuri, baba. Huko Bungoma mvua imenyesha?"

"Wacha mvua. Uko peke yako?"

Mzee Wakoli, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwa mtu wa kuacha habari za mvua, hasa mwezi wa Agosti mahindi yakiwa yamebeba. Dinah alisimama pale pale na mfuko wake wa mahamri moto.

"Niko peke yangu."

"Mukhisa amerudi kutoka Kapsokwony, kwa kina huyo kijana wako," alisema babake. "Boma ni nzuri. Watu ni wazuri. Chai walimpa, viti walimpa. Lakini mama ya huyo kijana alipotoka jikoni, Mukhisa alimwangalia, na yeye akamwangalia Mukhisa. Dinah, huyo mama si Msabaot. Ni Mbukusu, mtu wetu."

"Wetu namna gani?"

"Ni Mbuya, wa ukoo wetu kama wewe. Ni msichana wa baba yangu mkubwa, mzee Wepukhulu. Ni Emmy."

Hapa inafaa nikueleze, ili uchungu wa msichana huyu usikupite.

Kwa mwaka mzima Dinah, mwalimu wa darasa la sita mjini Bungoma, alikuwa akimpenda Tonny Kimeli. Walikutana Kitale, katika kikundi cha watu kumi na wawili, walimu na makarani wengi wao, ambao kila Jumamosi walipanda miteremko ya Mlima Elgon kwa raha zao. Wazazi wao hawakulielewa jambo hilo hata siku moja, mtu ana shamba la kupalilia halafu anatembea bure. Tonny ndiye aliyewaongoza. Mwezi huo wa Agosti kikundi kilikuwa kimeshuka pwani kuiona bahari. Alikuwa mrefu, mpole, anayejua kila pango na kila kijito, na mwenye tabia ya kungojea wa mwisho. Dinah alikuwa wa mwisho kwa wiki tatu mfululizo kabla hajajua kuwa miguu yake haina kosa.

Nyumbani mambo yalikuwa moto. Mamake alilia. Shangazi zake walikuja kwa zamu kuuliza kama vijana wa Bungoma wameisha. Ati Msabaot, mtu ambaye hata wakwe zake hatawasalimu kwa lugha yao. Miezi sita Dinah alisimama kwenye neno moja, huyu ndiye, mpaka mwezi wa Julai Mzee Wakoli akachoka. Alisema mtu ni mtu, lakini nyumba anayotoka lazima ichunguzwe. Basi akamtuma ndugu yake Mukhisa apande mlimani akakae, anywe chai, aulize nani alizaa nani. Ndivyo ilivyofanywa tangu zamani, na Dinah hakuona ubaya. Aliwaza Tonny ni wa mbali mno kuwa na kosa la ukaribu.

Na Emmy alikuwa nani? Kwa kina Wakoli jina hilo lilitajwa kwa sauti ya chini. Alitoroka na mwanamume mwaka wa sabini na mbili akiwa na miaka kumi na saba. Babake, Wepukhulu, aliapa kwamba binti huyo hatavuka lango lake, na mzee huyo akafa bila kulifuta neno lake. Baadaye walisikia Emmy amevuka kwenda Uganda, kisha hawakusikia tena, wakaamua amekufa. Kumbe alirudi akaishi mlimani, akapewa jina la Jerono, akazaa, akawaambia watoto wake kwamba watu wake wote waliisha.

"Kwa hivyo Tonny..." Dinah alianza.

"Huyo mama ni dada yangu. Tonny ni mtoto wa dada yangu. Kwetu hapa huyo ni ndugu yako, Dinah. Mtu haoi kwa kina mamake. Hiyo unajua bila mimi kukufundisha."

"Najua, baba."

"Kuna kitu kingine." Mzee alikohoa, na Dinah akajua hakuwa na kikohozi. "Mukhisa hakuweza kumwambia kilichompeleka. Huyo mama alimshika miguu akalia. Alisema, mmenitafuta. Miaka thelathini na mbili, na mmenitafuta. Sasa Mukhisa angesema nini? Alisema ndiyo, dada, tulikuwa tunakutafuta."

Dinah aliuhamishia mfuko wa mahamri mkono mwingine.

"Jumamosi anakuja nyumbani. Nimetoa kondoo wa kumfungulia lango. Lakini nyinyi wawili mkiendelea, hawezi kukanyaga hapa tena mpaka afe, kwa sababu atakuwa mama mkwe kwa watu wa damu yake, na huo ni mwiko. Wazee hawatakubali. Mwambie kijana leo, wewe mwenyewe. Asisikie kwa mtu mwingine."

Kabla ya kukata simu, Mzee alimwambia mtoto wake pole, neno ambalo Dinah hakumbuki kama aliwahi kulisikia kwake.

Alikusudia kumwambia Tonny papo hapo. Alirudi nyumba ya wageni amelishika neno mdomoni, akamkuta Tonny uani amevaa jaketi la kuelea saa moja nzima kabla ya boti kuondoka, amelifunga kamba zote, na Phanice wa benki anamcheka mpaka machozi.

"Mtu wa mlima huyu," alisema Phanice. "Dinah, mwambie mchumba wako bahari haiji mpaka uani."

"Wewe cheka," Tonny alijibu. "Mimi nikizama, nani atawaonyesha njia ya kurudi Kitale?" Kisha akamgeukia Dinah, uso wake ukabadilika. "Mbona macho yako hivyo?"

"Ni jua."

"Jua gani na ndiyo linatoka?"

Alimtazama kwa ile namna yake ya kungojea. Dinah akampa hamri. Baadaye alijilaumu sana kwa hamri lile, lakini nani kati yetu hangefanya hivyo? Alitaka asubuhi moja tu. Alijiambia kwamba atamruhusu aingie baharini kwanza.

Boti ya injini iliwapeleka mpaka penye matumbawe, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini. Nahodha aliwagawia miwani ya kupigia mbizi na mirija ya kupumulia, akawafundisha kutema mate ndani ya kioo, kupaka kwa kidole na kusuuza, ili kisiwe na ukungu. Tonny alitema mate kwa bidii ya mwanafunzi. Alishuka ngazi nyuma nyuma, maji yalipofika kiunoni akafunga macho, na mkono wake mmoja ukatafuta wa Dinah bila kuona.

"Usiniache," alisema.

"Siwezi," Dinah alijibu, na moyo wake ukamsuta.

Chini yao kulikuwa na dunia nyingine. Samaki wa manjano walipita makundi makundi, wengine wa buluu, wengine wenye mistari, wakila mawe kana kwamba mawe ni ugali. Tonny alisahau woga mara moja. Alikuwa akimvuta mkono Dinah kila sekunde, tazama hiki, tazama kile, akinguruma kwa furaha ndani ya mrija wake. Dinah aliyaona yote na hakuona kitu. Chini ya maji hakuna anayeulizwa neno. Alitamani injini iharibike, jua lisisogee, wakae hivyo kifudifudi wameshikana mikono mpaka Jumamosi ipite. Machozi yalijaa ndani ya miwani, chumvi yake na chumvi ya nje zikitenganishwa na kioo tu. Ilibidi ainue kichwa na kuyamwaga.

"Maji yameingia?" Tonny aliuliza, naye akainua kichwa.

"Kidogo."

"Dinah, Desemba baada ya kuja kwenu, nataka nilete mama hapa. Hajawahi kutoka huko kwetu hata siku moja. Hana pa kwenda, unajua. Hana watu." Alikuwa akielea huku akitabasamu, maji yakimtiririka kwenye nyusi. "Nitamwambia, mama, nimekupatia watu. Watu wa Dinah ni watu wako."

Dinah alirudisha uso majini upesi.

Waliporudi Shimoni saa nane, wenzao walikwenda kuangalia mapango. Tonny alibaki. Alisema mapango ameyaona ya kutosha maishani, lakini ukweli ni kwamba alikuwa amemwona Dinah hajala. Waliketi barazani kwa Bi Mwanasha, mwenye nyumba, mama mnene mwenye sauti tamu, ambaye alikuwa akichambua mchele kwenye ungo hatua chache kutoka kwao.

"Sasa niambie," alisema Tonny. "Si jua. Nimekuangalia tangu asubuhi."

Dinah alimwambia. Alianza vizuri, kwa mpango, kama anavyoeleza somo darasani, na alipofika kwenye jina la Emmy mpango ukamponyoka. Alimaliza akilia, akirudia maneno. Tonny hakumkatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya kisichokuwa chake.

"Mama si wa kwenu. Mama ni Jerono. Tangu nizaliwe anaongea Kisabaot."

"Baba mdogo alimtambua. Na yeye alimtambua."

"Miezi sita mnanikataa kwa sababu mimi ni wa nje. Leo mnanikataa kwa sababu ni wa ndani. Si mniambie tu nisimame wapi?"

"Mimi sijakukataa."

"Basi ni nani? Hao wazee? Mimi na wewe hatukuwa tunajuana. Nyanya zako sikuwahi kuwaona. Ujamaa gani huo wa kuletwa na simu?"

"Mama yako ni senge yangu, Tonny. Dada ya baba. Hata tukifanya nini, hatutatoka hapo."

Bi Mwanasha aliacha kuchambua. Sauti zilikuwa zimepanda, na nyumba ya pwani haina siri ya namna hiyo.

"Niwieni radhi wanangu, masikio yangu hayana mlango," alisema. "Ati huyu binti ni mtoto wa mjombaako?"

"Ndivyo wanavyosema, mama," Tonny alijibu.

"Basi mnalilia nini? Mie marehemu mume wangu alikuwa mtoto wa ami yangu. Miaka arubaini tulikaa, hatukupigana hata siku moja. Huku kwetu mtoto wa mjomba ndiye anayeanza kutajwa, wa mbali anatajwa baadaye. Damu inajuana. Nyie huko bara, hiyo ni heri mmeipata mkaifanya msiba." Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akachukua ungo wake akaingia ndani ili wajadiliane.

Tonny alikuwa amesimama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi tukae huku. Mimi kazi naweza. Mapango yako hapa, wageni wako hapa, kuogelea nitajifunza. Wewe shule hazikosi. Dinah, hapa hatuna kosa. Umesikia mwenyewe. Kilomita hizo zote tumekuja, na tumefika mahali tunaruhusiwa."

Sitakudanganya kwamba Dinah hakushawishika. Aliiona nyumba, ndogo, ya makuti, na Tonny akirudi jioni amelowa. Aliwaona watoto. Alimpenda mtu huyu kwa moyo wote, na hakuna sheria iliyoupunguza moyo ule tangu asubuhi hata kidogo.

"Na mama yako?" aliuliza.

"Mama ataelewa. Yeye mwenyewe alitoroka."

"Alitoroka, na akakaa miaka thelathini na mbili akisema watu wake wameisha. Jumamosi wanamfungulia. Kondoo iko tayari. Sisi tukikaa hapa, hiyo Jumamosi haiko. Wewe utamwambia, ama nimwambie mimi?"

"Nitamwambia," alisema Tonny kwa ukali. "Twende gatini. Nitampigia sasa hivi, asikie kwangu, na atanipa baraka. Wewe hujui mama yangu. Hajawahi kuninyima kitu."

Walitembea bila kushikana mikono. Pale karibu na ngazi Tonny alipiga, akakata, akapiga tena. Dinah alisimama karibu naye, na simu yenyewe ilikuwa ya zile za kelele, kila neno linasikika kwa jirani. Sauti ya mwanamke iliitikia kwa Kibukusu. Iliuliza nani huyo, kwa furaha, upesi upesi. Tonny aliitoa simu sikioni akaitazama. Maisha yake yote hakuwa amewahi kuisikia lugha hiyo kinywani mwa mamake.

"Mama, ni mimi."

"Tonny? Ai, nilidhani ni watu wa nyumbani." Alihamia Kiswahili, lakini kicheko hakikuhama. "Tonny, nilikudanganya wewe. Utanisamehe. Nilisema watu wangu waliisha. Hawakuisha. Juzi kaka yangu alikuja mpaka hapa. Walikuwa wananitafuta miaka yote hii, na mimi nimejificha tu."

"Mama, kuna kitu nataka kukuuliza."

"Uliza. Lakini kwanza nisaidie. Jumamosi naenda kwetu. Nivae nini? Ile gauni ya kijani ulininunulia, ama nivae kitenge? Nimezitoa zote kwa kitanda tangu jana, naangalia tu. Mtu akienda kwao baada ya miaka hiyo yote anavaa nini?"

Tonny alifungua mdomo. Dinah alimwona akiitafuta ile hasira aliyotoka nayo barazani, akiitafuta kweli kweli, na asiipate. Maji yaligonga ngazi chini yao. Mwanamume yule ambaye hakuwahi kumwacha mtu nyuma mlimani alisimama hapo akiyatazama maji.

"Vaa ya kijani, mama," alisema.

"Ya kijani. Sawa. Ulikuwa unataka kuuliza nini?"

"Hakuna. Nilikuwa nauliza tu kama uko mzima."

"Niko mzima kuliko siku zote. Na huyo Dinah wako, uko naye? Nipe nimsalimie."

Alimpa Dinah simu bila kumtazama, akaketi kwenye ngazi, viganja vimefunika uso. Dinah alitamani kuketi kando yake. Kwa mwaka mzima angeketi bila kufikiri.

"Dinah, mtoto wangu," ilisema sauti ile. "Utanisindikiza Jumamosi? Naogopa kuingia peke yangu. Sijui kama watanijua."

Dinah alivuta pumzi. Wiki nzima alikuwa akijizoeza kumwita mama mkwe.

"Hutaingia peke yako. Nitakuwa hapo langoni, senge," alisema. "Mimi ni wa kwa Wakoli."

Upepo uliingia kwenye simu, au ilikuwa pumzi ya mtu. Dinah alidhani mtandao umekata.

"Wakoli kaka yangu?"

"Ndiyo, senge."

Mwanamke yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameishi miaka mingi akipima kila neno kabla ya kulitoa, na sasa alikuwa akiyapanga haya moja baada ya lingine: binti wa Wakoli, mwanawe, mgeni aliyetokea ghafla na kuuliza habari za boma. Aliposema tena, furaha yote ilikuwa imetoka sautini, na alizungumza polepole sana.

"Kwa hivyo Mukhisa hakuja kunitafuta mimi."

Dinah alimtazama Tonny pale ngazini. Alikuwa ameinua uso, amelowa machozi, naye alikuwa amelisikia neno hilo. Alitikisa kichwa mara moja, kumsihi. Alimsihi asiuseme ukweli. Dinah alimwelewa kama alivyomwelewa siku zote, na hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote, kwamba hata sasa walikuwa wanaelewana.

"Ni wewe alikuwa anatafuta," alisema, na sauti yake ikashikilia mpaka mwisho. "Sisi wote tulikuwa tunakutafuta, senge. Vaa hiyo ya kijani, uje."